Koti la Chakula cha Jioni

Koti hilo ni la sufu nyembamba, rangi yake buluu iliyokoza hata kukaribia weusi, na mtu alitazamaye kwa mbele, likiwa limetundikwa barazani kwa fundi mmoja wa cherehani katika mtaa wa Majengo hapa Gisenyi, karibu na ule mpaka mdogo ambao umati wa watu huuvuka kila asubuhi kwa miguu kwenda Goma na kurudi, hataona kwalo ajabu yoyote ya kumsimamisha njiani. Mimi nilisimamishwa na karatasi. Ilikuwa imeshikizwa kwa pini kwenye kola, nayo imeandikwa kwa wino: "Jumamosi. Chomboni. Saa moja usiku. Mabega yarudishwe." Nilikuwa napita kwa shughuli nyingine kabisa, iliyohusu bei ya viazi, lakini maneno yale yaliniganda moyoni hata viazi vikanitoka akilini, nikarudi kuuliza ni chombo gani hicho ambacho mtu hukiendea na mabega ya kuazima.

Fundi, ambaye aliniomba nimwite hivyo tu kwa kuwa jina, kwa kauli yake, halishoni, ni mtu wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi nyuma ya kisogo, na maneno yake hutoka moja moja kama mtu atoaye sindano kwenye mto. Alinieleza kwamba tangu vyombo vya starehe vizidi ziwani Kivu, kuanzia mashua za kukodi za kutazamia machweo hadi ile meli-hoteli ya vyumba 10, Mantis Kivu Queen uBuranga, iliyoanza safari zake mwaka 2023, watu wa hapa nao wamekuwa wakialikwa kula majini: arusi, siku za kuzaliwa, ofisi inayowapongeza wafanyakazi wake mwisho wa mwaka. Kadi ya mwaliko huja na maneno mawili, "mavazi nadhifu", na maneno hayo mawili, yaliyoandikwa na mtu asiyejua yatasomwa na nani, huwatoa waalikwa jasho kuliko gharama ya zawadi.

"Nadhifu ya nani?" aliniuliza fundi. "Nadhifu ya msikitini ninaijua. Nadhifu ya arusini ninaijua. Ya chomboni hawajatuambia. Basi mtu anakuja kwangu, ananiambia, fundi nifiche."

Na koti ndilo humficha. Fundi halikodishi hivi hivi kama wafanyavyo wenye maduka ya nguo za arusi, ambao humpa mtu lililopo, likimbana au likimpwaya shauri yake. Yeye hulifumua na kulishona upya kwa kila mvaaji, kwa usiku mmoja, kisha akalifumua tena. Nililipindua kwa ruhusa yake, na hapo ndipo nilipoanza kuliona. Mshono wa mgongoni, utokao kolani hadi kwenye pindo, umezungukwa na mistari ya vitundu vya sindano iliyopangana sambamba kulia na kushoto, mmoja kwa mtu mwembamba, mwingine kwa mnene, mwingine kwa yule ambaye ni mwembamba juu na ana kitambi chini, hata kitambaa mahali hapo kimekuwa chepesi mfano wa shashi. Chini ya makwapa ameongeza vipande vya kabari vya kitambaa kingine, vya rangi inayokaribiana lakini si ile, kwa maana mvaaji, alisema, hatainua mikono mezani ila awe na jambo la kugombana. Mikono ya koti ina mapindo matatu, moja ndani ya jingine. Bitana ni ya nne au ya tano. Yeye mwenyewe hakumbuki.

Lakini lililonishika zaidi ni utepe wa giza. Kitambaa cha nje kimepauka kwa jua na pasi, ilhali kile kilichokunjwa ndani ya mshono hakikuguswa na jua tangu koti lizaliwe huko lilikozaliwa. Kwa hiyo kila linapoachiwa kwa ajili ya mtu mpana, hujitokeza mgongoni mwake, kuanzia shingoni hadi kiunoni, mstari wa buluu ya asili, wa upana wa kidole, uking'aa kana kwamba umepakwa jana. Hauna dawa. Amekwisha kujaribu wino, akajaribu rangi ya viatu, na yote mawili yaliharibu kiti cha watu. Sasa huwapa wateja wake wanene nasaha tu: kaa mgongo uelekee ukutani, picha za machweo piga kwa mbele, na shukuru kwamba matajiri wanapenda kula gizani.

Mifuko ya nje imeshonwa ikafungwa. Nilidhani ni kwa ajili ya kulinda umbo, kama yalivyo makoti mapya yatokapo dukani, fundi akacheka. Mteja mmoja, baba wa watoto wengi, alilirudisha koti siku ya Jumapili likinuka, na mfukoni mlikuwa na mabaki ya sambaza wa kukaanga waliofungwa kwa karatasi ya kufutia midomo. Alikuwa amewachukulia watoto. Sambaza, msomaji anajua, ni samaki wadogo wa ziwa hili, nao hawakuwa wenyeji, maana waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndio kitoweo cha pwani yote hii. Mafuta yalikuwa yamepenya mpaka kwenye bitana. "Sikumkasirikia," alisema fundi. "Ningefanya vilevile. Lakini koti ni moja." Akaifunga mifuko ya nje, kisha, na hapa alinionyesha kwa namna ya mtu anayetoa siri, akauacha wazi mfuko wa ndani wa upande wa moyo, akautia bitana ya kitambaa cha mwavuli uliovunjika, kisichopitisha maji wala mafuta. Hawaambii wateja. Anayeuhitaji huuona mwenyewe.

Amejifunzia kazi ng'ambo ya mpaka, Birere, siku ambazo Goma ilikuwa ya Zaire na Zaire ilikuwa ya Mobutu, na mwanamume aliyeonekana barabarani na karavati alikuwa anatafuta balaa. Aliyetaka kuitwa mtu alivaa abakosti, lile koti lisilo na tai ambalo Rais alikuwa amewavisha mawaziri wake na kupitia kwao nchi nzima, na mafundi wa Birere walizishona usiku na mchana. Kisha ikaja tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu akatangaza mwisho wa chama kimoja, na katika hotuba hiyohiyo karavati ikapata msamaha wake.

"Asubuhi yake," alisema fundi, "wanaume walijaa dukani wanataka karavati. Bwana wangu hakuwa nayo hata moja. Tukazikata kutoka kwenye vitenge. Basi nani anajua kuzifunga? Hakuna. Alikuwako mzee mmoja aliyekuwa karani zamani za Wabelgiji, tukamweka kwenye kiti pale nje, akawafunga wote, mmoja mmoja, kwa chupa ya Primus. Jioni alikuwa amelewa na karavati zinatoka upande. Mimi nilikuwa kijana. Nimeona karavati inamtia mtu taabuni, nimeona inamtoa, yote kwa kitambaa kilekile. Usiniambie karavati ni heshima."

Heshima, basi, ni nini, nilimwuliza, mtu anapokwenda kula usiku juu ya maji? Hakulijibu swali hilo moja kwa moja, bali alianza na baridi. Ziwa liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na wageni, alisema, hupanda chomboni saa kumi na moja jua likiwaka, na kaptura zao, wakidhani kila penye minazi na migomba ni joto. Ikifika saa moja upepo unashuka kutoka milimani, nao wanaomba mablanketi. "Umepata kumwona mtu anakula samaki amejitanda blanketi? Halafu waniambie koti ni majivuno." Baada ya hapo ndipo akasema lile ambalo nimelichukua nyumbani na ambalo halijaniacha: "Mzungu akiketi mezani na kandambili, watasema yuko likizo. Mimi nikiketi na kandambili, wataniuliza nimekuja kumwona nani."

Ubishi huu ni mkongwe kuliko vyombo vya Kivu. Meli za kampuni ya British India zilizofanya safari za London na Afrika Mashariki, Kenya ya mwaka 1951 na Uganda ya mwaka 1952, zilikuwa na daraja la kwanza ambalo abiria wake hawakuthubutu kuiendea meza ya usiku na nguo walizoshindia. Siku hizi mambo yamelegea. Kampuni ya Norwegian Cruise Line ilianzisha mwaka 2000 utaratibu wa kumwacha abiria ale saa aitakayo na avae atakavyo, na wengine wengi wakaifuata kwa mwendo wao; Cunard, wenye Queen Mary 2, bado hutenga jioni za kositimu nyeusi na tai ya kipepeo, na anayechukia hupewa pembe yake ya kulia. Ukisoma hoja za pande zote mbili, mmoja akidai uhuru wa aliyelipa nauli yake, mwingine akililia murua wa zamani, utadhani kwamba mezani huwa pana watu wa aina moja tu, walaji. Lakini wale Wagoa waliohudumu katika meli za British India walivaa nguo zilizopigwa pasi mchana na usiku, joto la Bahari ya Shamu lisijaliwe, na sijapata kusikia kwamba uhuru wa mwaka 2000 ulimfikia mhudumu. Kaptura ya mlaji hutukuka kwa sababu shati la mpakuzi ni jeupe. Laiti wote wangekuwa na kaptura, ingekuwa ni kambi ya wavuvi tu, kama wale wa sambaza ambao usiku huohuo, mitumbwi yao mitatu mitatu imefungwa pamoja, huimba gizani hatua chache kutoka penye muziki wa kukodi.

Fundi ana jirani, kijana anayehudumu katika moja ya mashua hizo, na fundi ndiye aliyempunguzia kizibao chake cheusi. "Ameanza kupiga pasi tangu adhuhuri," alisema. "Huyo anakuletea sahani kwa mikono miwili. Wewe unampokea na fulana uliyoogelea nayo? Mimi sisemi uvae kwa ajili ya mwenye meli. Mwenye meli hayupo. Vaa kwa ajili ya yule aliyesimama."

Ni hoja njema, nami naipenda, ingawa naona pia mahali inapochanika. Koti la kumheshimu mhudumu linagharimu fedha, na aghalabu anayeombwa kuzitoa si yule mwenye kandambili za likizo bali ni mwalimu, karani, shangazi wa bwana arusi. Tena makoti hayapatikani kama zamani. Hili la buluu lilitoka katika robota la mitumba lililofunguliwa Birere, kabla Rwanda haijapandisha ushuru wa nguo kuukuu, mwaka 2016, kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, hatua ambayo Marekani iliijibu mwaka 2018 kwa kuzisimamishia nguo za Rwanda nafuu ya kuingia huko bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Fundi hailaumu serikali; watu wanaleta vitambaa vipya, na cherehani yake haipumziki. Ila koti zima la kitambaa kipya, la sufu, lenye bitana, ni mzigo mwingine, na mteja wa usiku mmoja haumudu. "Likifa hili," alisema akilipangusa bega, "halina mrithi." Ndiyo sababu ya vile vitundu vyote vya sindano.

Nilipokuwa karibu kuaga ndipo alipolitaja jambo ambalo nadhani lilikuwa limemkaa kooni tangu nilipoketi. Wiki chache zilizopita alilikodisha koti kwa kijana mmoja wa kazi ya staha, mwembamba, mstari wa kwanza wa vitundu, likamkaa kama ngozi yake. Kijana akarudi Jumapili, koti limekunjwa vizuri, halina doa, akadai fedha zake. Chomboni, alisema, waalikwa wote walikuwa na fulana na suruali za jinzi, na wageni wawili wana kaptura. Wenye nguo za giza na mashati meupe walikuwa yeye na wahudumu peke yao. Na kabla chakula hakijaletwa, bibi mmoja aliyeketi meza ya pili alimwinulia kidole, akamwomba maji.

"Akafanyaje?" niliuliza.

"Alimletea."

Fundi alimjibu kijana kwamba yeye alimkodisha koti, hakumkodisha waalikwa wenzake, na kwamba koti lilifanya kazi yake sawasawa. Kijana akasema ndiyo, lilifanya kazi sawasawa, na hilo hasa ndilo analolilalamikia. Fundi akataka kumrudishia nusu. Kijana akaikataa nusu. Anataka zote, au asipewe kitu. Wameahidiana kulimaliza baada ya sala ya Ijumaa. Fundi aliniuliza rai yangu, kwa kuwa mimi ni mtu wa kuandika na huenda nimeona kesi kama hii pahala pengine. Nilimwambia sijaiona, na rai nimeitafuta mpaka leo sijaipata.