Kabla ya kununua ngoma ya Burundi, uliza mti wake

GATETE, Rumonge — Ngoma za Burundi zimesikika dunia nzima, lakini mti unaozitoa haujulikani hata kwa wengi wanaozinunua. Mfanyabiashara anayepita Gatete na madumu ya mawese au magunia ya ndagala, na ambaye siku moja huenda akaagizwa ngoma na mteja wa Kigoma au Uvira, ana sababu ya kuufahamu. Ubora wa ngoma huanza kuamuliwa shambani, siku mti unapochaguliwa.

Kwa Kirundi mti huo huitwa umuvugangoma, yaani mti unaoifanya ngoma ivume. Watanzania wa Kilimanjaro wanaujua kama mringaringa, Wakikuyu wa Kenya huuita muringa, Waganda mukebu na Waethiopia wanza. Wataalamu wa mimea huuita Cordia africana. Majani yake ni mapana, maua yake meupe huvuta nyuki, na kwa kuwa una kivuli kizuri, wakulima wengi huuacha katikati ya kahawa na migomba.

Mwambao wa Rumonge wenyewe ni nchi ya michikichi. Anayetafuta umuvugangoma hutazama zaidi mashamba ya ndani, kwenye mipaka ya viwanja na kando ya nyumba. Kwa hiyo mti wa ngoma mara nyingi una mwenyewe, na kazi ya kwanza ya fundi ni kupatana naye bei.

Jicho la fundi

Si kila umuvugangoma unafaa. Mti huu una tabia ya kutoa matawi mapema, na shina lake mara nyingi huwa fupi na lililopinda. Fundi hutafuta kipande kinene, kilichonyooka, kisicho na fundo kubwa wala ufa, chenye urefu unaokaribia mita 1. Shina likiwa na mita 3 zilizo safi, litatoa ngoma 2, au 3 likiwa na bahati.

Hapo ndipo ngoma inapotofautiana na ala nyingine za Warundi. Umuduri, ule upinde wa muziki wenye kibuyu, unahitaji ufito mmoja tu. Ufito huo ukikatwa kwa uangalifu, kisiki huchipua na baada ya muda hutoa mwingine. Ngoma haichongwi kwa ufito. Inachukua shina zima, na sehemu kubwa ya shina hilo hugeuka vibanzi vya kuwashia moto, kwa sababu gogo lazima litobolewe ndani.

Gogo huchongwa likiwa bado na unyevu, maana mbao ya mti huu ni laini kwa patasi. Kisha huachwa likauke polepole kivulini. Likianikwa juani hupasuka. Ngozi ya ng'ombe huvutwa ikiwa mbichi, hushikizwa kwa vigingi vya mti, na hujikaza yenyewe inapokauka.

Hesabu ya kundi moja

Shirika la UNESCO, ambalo mwaka 2014 liliingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika, linaeleza kuwa kundi hupiga ngoma zipatazo dazeni moja, na idadi yake siku zote ni witiri. Kundi la ngoma 13, kwa hesabu ya ngoma 2 au 3 kwa shina, linahitaji miti 5 hadi 7, kila mmoja ukiwa umenenepa kwa miaka mingi.

Zamani hesabu hiyo haikuwa na uzito. Ngoma ilikuwa mali ya mwami, na ile kuu, Karyenda, ilikuwa alama ya ufalme wenyewe. Koo maalumu ndizo zilizopewa kazi ya kuchonga na kupiga, kama wale wa Gishora, karibu na Gitega. Ufalme ulifutwa Novemba 1966. Leo ngoma huhitajika katika sherehe za serikali, harusi na maonyesho ya nje, huku mti uleule ukitafutwa kwa milango, vitanda na vinu. Ardhi nayo imebana, hasa Rumonge, ambako wakimbizi wengi wa mwaka 1972 walirudi na kukuta mashamba yao yana watu wengine. Asiye na uhakika na shamba lake hapandi mti wa kuvunwa na wanawe.

Mnunuzi aangalie nini

Ngoma igeuzwe na kutazamwa ndani. Nyufa zinazoanzia kwenye vigingi ni dalili kwamba mti ulikaushwa kwa haraka. Unga mwembamba kwenye vitundu vidogo ni kazi ya wadudu, na ngoma hiyo itaambukiza mzigo wote. Ngoma nzito kupita kiasi kwa ukubwa wake huenda bado ina maji, na itapasuka ikifika kwa mteja.

Karatasi nazo zina uzito wake. Kanuni ya misitu ya Burundi, iliyorekebishwa mwaka 2016, inaweka ukataji wa miti chini ya kibali, kwa hiyo fundi aulizwe mti ulikatwa kwa ruhusa ya nani. Umuvugangoma haumo katika orodha za mkataba wa CITES. Mninga umo: jamii yote ya miti hiyo barani Afrika iliingizwa kwa uamuzi wa Novemba 2022. Anayechanganya ngoma na mbao za mninga katika mzigo mmoja anajitafutia kesi. Ngozi huweza kudaiwa cheti cha mifugo.

Bidhaa za Jumuiya ya Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 zina cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani, iwapo zimo katika orodha iliyokubaliwa. Ni vyema kuuliza forodhani, Mugina au bandarini Rumonge, kabla ya kulipia mzigo. Kwa wanaovusha kwenda Congo, iliyojiunga na Jumuiya mwaka 2022, swali hilo liulizwe pande zote mbili za ziwa.

Anayenunua ngoma kwa ajili ya kikundi ajue pia kuhusu agizo la rais la Oktoba 2017. Lilitaka vikundi vya Burundi viandikishwe, likaweka malipo ya faranga 500,000 kwa onyesho, na kuwakataza wanawake kupiga ngoma.

Soko linaweza kuukata mti huu hadi uishe, na linaweza pia kuufanya upandwe. Mkulima akilipwa vizuri kwa shina lililonyooka, ataona faida ya kupogoa mche wake mapema ili usipinde, na ya kupanda mwingine pembeni. Mnunuzi akichukua ngoma yoyote ya bei ya chini, fundi atakata miti michanga, na ngoma zitazidi kuwa nyembamba mwaka hadi mwaka.