Tazama Dari Kabla Hujanunua Ua

Kilo 6 na nusu. Ndivyo ilivyosoma mizani ya Mangi, mwenye duka la mtaani kwetu, siku nilipompelekea chungu changu cha maua anipimie, juu ya sahani ileile anayopimia mchele. Kilikuwa ni kindoo cha rangi cha lita 4, kimejaa udongo, nimetoka kukimwagilia maji. Mimi nilikuwa nakikadiria kilo 3. Wiki moja kabla, kindoo kingine kama hicho kiling'oka darini kwangu hapa Kinondoni, kikashuka na kipande cha jipsam hadi kwenye kochi ambalo mjukuu wangu hulalia mchana. Siku hiyo alikuwa kwa mama yake, Mungu ni mwema. Tangu hapo, kila anayeniuliza maua gani ya kuning'iniza ni mazuri, nami humuuliza kwanza: utayaning'iniza wapi?

Bustanini tunanunua kwa macho. Unaona matawi yamemwagika mpaka chini, muuzaji anakwambia, "Mama, hili weka popote, halifi," unalipa, unapanda bajaji. Ukifika nyumbani ndipo unaanza kutafuta pa kulitundika. Kinyume chake ndicho sahihi. Kwanza tafuta mahali, upajue vizuri, kisha ukanunue ua linalopafaa.

Jipsam haibebi chungu, hata fundi akikuapia. Agonge dari asikilize ilipo mbao, kulabu iingie kwenye mbao hiyo. Kama juu ni zege la ghorofa, atoboe kwa drili na kutia plagi. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo pima chungu kikiwa kimelowa. Kamba ya katani naipenda kuliko zote, mimi ni mtoto wa Muheza, nimekua nikiona mkonge umeanikwa. Lakini katani inayokaa na maji chini ya chungu huoza. Kila masika yakiisha nazikagua kamba zangu kwa vidole, na penye nyuzi nyeusi zinazokatika kirahisi nabadilisha siku hiyohiyo.

Sasa mwanga, na hapa ndipo watu wengi wanapotezwa. Vitabu vya maua vya Ulaya vinasema dirisha la kusini ndilo lenye jua. Kwao ni kweli. Sisi wa Dar es Salaam tuko karibu na Ikweta, upande wa kusini, na kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi Oktoba jua la mchana hupita kaskazini yetu. Miezi iliyobaki hupita kusini. Dirisha la sebuleni kwangu linatazama kaskazini. Mwezi wa saba, saa sita mchana, jua linaingia hadi kigae cha tatu kutoka ukutani. Desemba haligusi hata kigae kimoja. Ua nililolitundika pale Julai liliungua majani, ningelitundika Desemba ningelisifu. Kwa hiyo usiamue kwa siku moja. Kaa na dirisha lako, ujue tabia yake ya mwaka mzima.

Kipimo changu ni kivuli cha mkono. Saa sita mchana panda kwenye stuli, weka mkono pale hasa ua litakapokaa. Kivuli kikiwa na kingo kali, mwanga ni mwingi. Kikiwa na ukungu ukungu, ni wa wastani. Usipoona kivuli kabisa, hapo ni giza kwa mmea hata kama wewe unasoma gazeti bila taabu. Nasisitiza stuli kwa sababu juu ya linta ya dirisha mwanga hupungua sana. Chungu kilichobanwa darini hupata mwanga kwa chini tu. Matawi yanaonekana mazuri kwa muda, huku juu, mmea unakochipulia, unakufa. Mimi naning'iniza chungu kisizidi nusu ya juu ya dirisha, na hapo mkono wangu unafika kumwagilia. Chungu kinachohitaji ngazi utakimwagilia wiki ya kwanza, ya pili utaghairi.

Nyumba ya mabati ina jambo lake. Joto hupanda, na hewa ya darini mchana huwa moto kuliko unayoihisi ukiwa umekaa. Panga boi nalo hukausha majani. Usiweke ua chini ya mapanga yake.

Ukishajua mahali, kuchagua kunakuwa kwepesi. Penye mwanga wa wastani au hafifu weka lile tunaloliita mani planti, lenye majani kama moyo. Asili yake ni kisiwa cha Moorea, kwenye Bahari ya Pasifiki, na huvumilia mengi. Ila lenye mabaka ya njano likikaa gizani hurudi kuwa kijani tupu. Likirefuka na kuwa na upara juu, usilionee huruma. Kata tawi chini ya kifundo, pale jani linapotokea, litie kwenye glasi ya maji. Mizizi ikitoka, lirudishe kwenye chungu kilekile ujaze upara. Lina sumu: ndani yake mna chembe zilizochongoka kama sindano, na mtoto akitafuna jani mdomo unawaka na kuvimba. Matawi yanayofika usawa wa mkono wa mtoto yakatwe.

Kwa mtu anayesafiri napendekeza ua la buibui, lile la majani membamba yenye mstari mweupe, linaloangusha watoto wake hewani kwenye vikonyo virefu. Ni ua la Afrika hii hii. Mizizi yake minene hutunza maji, hivyo ukisahau siku chache halinuni. Dirisha la jua la asubuhi lipe Hoya, yenye majani magumu kama yamepakwa nta. Ikimaliza kuchanua usikikate kikonyo cha ua, maana maua yajayo hutokea palepale. Bafu lenye dirisha lipe kangaga. Ule mmea wa vijani vya mviringo kama shanga, unaopendwa sana kwenye picha, mimi kwa Dar siushauri. Umenifia mara 3, mara zote kwa kuoza. Ni mmea wa penye ukame kusini mwa Afrika, na unyevu wa pwani yetu hauuwezi.

Unaponunua, geuza majani utazame chini yake. Ukiona vitu vyeupe kama pamba kwenye makwapa ya majani, hao ni vidung'ata, na watahamia kwenye maua yako yote. Inua chungu uone kama kina matundu. Nyumbani, sahani ya kukinga maji imwagwe kila unapomaliza kumwagilia. Mbu wa dengi hutaga kwenye maji machache kama hayo, na jiji hili liliteswa na homa hiyo mwaka 2014 na tena 2019. Isugue sahani pia, kwa sababu mayai ya mbu huyo hukaa pakavu kwa miezi na bado yakaja kuanguliwa.

Nimeacha la moyoni mwishoni. Shangazi yangu alikaa Amani, juu ya Muheza, na nilipokuwa mdogo alinionyesha kwenye miamba yenye kivuli ua dogo la urujuani lenye majani ya manyoya. Mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, na mwaka 1893 likapewa jina la Saintpaulia. Leo ua hilo liko kwenye madirisha ya dunia nzima, na zimo aina za Usambara zinazotambaa na kuning'inia. Kwenye miti ya huko huko hushuka pia Rhipsalis, vijiti vya kijani kama tambi vyenye vitunda vyeupe. Ni kaktasi, na ndiyo pekee inayoota kiasili nje ya Amerika.

Yote mawili hupenda mwanga uliochujwa na hewa yenye unyevu, na hayo pwani tunayo. Lakini msitu wa Usambara umepungua, na Saintpaulia za porini zimebaki kwenye vipande vidogo. Ukipanda kwenda Amani, tazama, piga picha, uache ulivyokuta. La kupanda nyumbani omba jani kwa mwenye nalo. Jani moja la Saintpaulia likichomekwa kwenye udongo wenye unyevu hutoa miche.