Sofia Khan na uchumba uliovunjika: riwaya ya mapenzi yenye swali kwa walio ughaibuni

Msichana wa Kiislamu mjini London anakataa kuolewa kwa sababu ya tundu ukutani. Hicho ndicho kisa kinachoanzisha riwaya ya Kiingereza ya Ayisha Malik, Sofia Khan is Not Obliged, iliyochapishwa mwaka 2015.

Sofia, binti wa wahamiaji kutoka Pakistan, alikuwa akielekea kufunga ndoa na kijana aitwaye Imran. Imran alitaka wakae na wazazi wake, katika nyumba mbili zilizounganishwa kwa tundu lililotobolewa ukutani. Sofia akakataa, na mipango ikavunjika.

Msomaji wa Mombasa, Unguja au Muscat hatahitaji kufafanuliwa uzito wa jambo hilo. Kuishi na wakwe ni suala la zamani, na posa nyingi zimesitasita mlangoni pake.

Kazi juu ya jeraha

Sofia anafanya kazi katika shirika la uchapishaji vitabu. Baada ya kuachana na Imran anaapa kuwa mambo ya wanaume basi. Lakini mkuu wake wa kazi anamshawishi aandike kitabu kuhusu namna Waislamu wa Uingereza wanavyotafuta wachumba.

Hapo ndipo riwaya inapochangamka. Ili apate habari za kuandika, inambidi arudi kule kule alikotoroka: kwenye wachumba waliopendekezwa na jamaa, maswali ya mashangazi, na rafiki anayefikiria kuolewa mke wa pili. Jirani yake, Conall, ni Muairishi asiyefanana hata kidogo na mkwe anayetazamiwa na mama yake Sofia.

Wahakiki wengi walimwita Sofia "Bridget Jones wa Kiislamu", wakimlinganisha na mhusika wa Helen Fielding katika riwaya ya mwaka 1996. Mlinganisho huo una ukweli, kwani vitabu vyote viwili ni vya kuchekesha na vimeandikwa kwa mtindo wa shajara. Hata hivyo, Sofia anavaa hijabu, anasali, na hanywi pombe. Anachotafuta ni ndoa, wala hana nia ya kuachana na dini yake ili aipate.

Ahadi, si ndoa

Katika sheria ya Kiislamu posa ni ahadi. Ndoa huja na akdi, na kabla ya hapo kila upande unaweza kujitoa, ijapokuwa kuvunja ahadi bila sababu hakupendezi.

Sheria za serikali nazo hutofautiana. England na Wales zilifuta mwaka 1970 haki ya kumshtaki mtu kwa kuvunja ahadi ya ndoa. Tanzania, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inaruhusu madai ya fidia, na zawadi zilizotolewa kwa kutarajia ndoa zinaweza kudaiwa zirudishwe. Kenya, katika sheria yake ya mwaka 2014, inasema ahadi ya ndoa haimfungi mtu, lakini aliyepata hasara anaweza kudai fidia.

Lakini mahakama hupima hasara ya fedha tu. Sofia anadaiwa kitu kingine, nacho ni maelezo. Kila harusi ya jamaa ni baraza la kumuuliza kwa nini bado hajaolewa. Waswahili wangemwambia kuwa mchagua nazi hupata koroma.

Ughaibuni ni kwa nani?

Jambo zito zaidi katika kitabu hiki limefichwa ndani ya mzaha. Kwa wazazi wa Sofia, London ni ugenini, na ndoa ya binti ndiyo kamba inayowafunga na kwao. Kwa Sofia, London ndiyo kwao. Hata hivyo, abiria mmoja kwenye treni ya chini ya ardhi anamwita gaidi kwa sababu ya hijabu yake.

Kwa hiyo anabanwa pande mbili. Nyumbani anaonekana amekuwa Mwingereza kupita kiasi, na mtaani anaambiwa si Mwingereza. Mume anayemtafuta ni yule ambaye hatamlazimisha kuchagua upande mmoja.

Hapo ndipo riwaya hii inapozigusa familia za Waswahili waishio ng'ambo. Mzazi aliyehama akiwa mtu mzima na mtoto aliyekulia huko hutumia neno lile lile, mchumba, kila mmoja akiwa na maana yake. Mzazi husikia ukoo na mtoto husikia mwenzi. Mara nyingi tofauti hiyo haitambuliki mpaka siku posa inaporudishwa.

Malik hamkejeli mzazi wala hamtukuzi mtoto. Wazazi wa Sofia ni watu wa mapenzi na vituko, na wasiwasi wao una sababu.

Mwaka 2017 alitoa riwaya ya pili, The Other Half of Happiness, ambamo Sofia amekwisha kuolewa na matatizo mapya yanaanza. Ameolewa na nani, hilo tumwachie msomaji alitafute mwenyewe.