Kutengeneza juu, kutumikisha chini: namna nano iliingia mu ruta ya biro yetu



Mu biro ya sendika yetu, hapa Kolwezi, kuko kasanduku kamoja keusi ka antena mbili, kamepigiliwa ku ukuta juu ya meza. Ni ruta ya zamani, tuliinunua okazio. Haiko na intaneti. Kazi yake ni moja tu: mufanyakazi akipita karibu, anafungua telefone, anaungana na ruta, anasoma matangazo bila kulipa megabaiti hata moja. Anaona saa ya mukutano, barema ya mishahara, na jina la delege wa kila posti. Matangazo yote yanakaa mu faili moja ya maandishi ndani ya ruta.

Ile faili ilituletea haya. Tulikuwa na mukutano juu ya saa za bisi ya wafanyakazi. Mukutano ulikuwa wa saa 16. Mu tangazo mukaandikwa saa 6. Kosa ni langu, niliruka namba moja. Jioni mbele ya mukutano nikaliona, nikakaa kusahihisha. Ndani ya ruta mulikuwa programu moja tu ya kuandikia, inaitwa vi. Ni programu ya nguvu, Bill Joy aliianza mu mwaka 1976, na mafundi wanaipenda mpaka leo. Lakini mutu asiyeijua, akifinya herufi ili aandike, vi inaweza kuchukua ile herufi sawa amri. Nilifinya, mustari ukapotea. Nilifinya tena, mingine miwili ikaenda. Kutoka sikujua. Mwisho nilichomoa waya ya umeme. Ruta ilipowaka tena, tangazo lilikuwa vile vile: saa 6.

Fundi mwenye alituwekea ile ruta alikuwa Lubumbashi, na kila akifungua faili anaomba dola 20. Asubuhi, wenzetu wa posti ya usiku walitoka ku kazi na macho mekundu, wakakuta mulango umefungwa. Saa 16 walikuwa wamelala. Tukapanga saa za bisi bila wao, na ile programu ya bisi haikuwafaa. Walinikasirikia, na walikuwa na haki.

Mwenye alitutoa mu ile shida ni binti wa mwenzetu mumoja wa kutoboa mawe, anasoma mambo ya ordinatere. Nilimwomba atufundishe vi. Akacheka: "Papa, vi mutajifunza polepole. Kwanza niwawekee nano."

Nano ni kaprogramu kadogo ka kuandikia. Chris Allegretta aliianza mu mwaka 1999. Ukifinya herufi, herufi inaonekana, basi. Na chini ya ekrani muko mistari miwili yenye kukuonyesha namna ya kuweka kazi na namna ya kutoka. Mimi nikasema: wewe iko nayo mu ordinatere yako, ikopi tu mu ruta. Akasema haiwezekani, na hapo ndipo alinifasiria jambo lenye nataka kila mufanyakazi alielewe.

Pampu yenye kutoa maji chini mu mugodi ikivunjika piyesi, hatushushe mashini ya kukereza chuma mu shimo. Piyesi inakerezwa huku juu, mu atelie, kwenye kuko nafasi na umeme mwingi. Lakini inakerezwa kwa vipimo vya pampu ya chini, hapana kwa vipimo vya atelie. Programu nayo ni vile. Ruta yetu iko na megabaiti 64 za kumbukumbu, na megabaiti 8 tu za kuhifadhi vitu. Haiwezi kujitengenezea programu. Ordinatere inaweza, lakini prosesa yake inasema luga ingine. Kwa hiyo unachukua kodi sursi (hapana kodi ya nyumba, ni maandishi yenye fundi aliandika kwa mukono wake), unaikompila mu ordinatere, ni kusema unaigeuza kuwa programu kamili, lakini kwa vipimo vya prosesa ya ruta.

Ile kodi sursi inapatikana namna gani? Hapa wana sendika wafungue masikio. Nano inatembea chini ya leseni ya GPL: kila mutu iko na ruhusa ya kuisoma, kuigeuza na kuigawa, lakini ukimupa mwengine programu, unapashwa kumupa haki ya kupata kodi sursi yake. Leseni hiyo ndiyo ilifungua hata maruta yenyewe. Kampuni ya Linksys iliuzisha ruta WRT54G yenye Linux ndani. Watu wakaona, wakaidai kodi sursi sawa vile leseni inasema, na mu mwaka 2003 ikatolewa. Kutoka hapo OpenWrt ikazaliwa mu mwaka 2004, mufumo wa wazi wenye unatembea leo mu ruta yetu. Walikuwa na mukataba wenye kuandikwa, wakauonyesha kwa kidole. Sisi tunajua ile kazi.

Kweli, OpenWrt iko na nano tayari, mwenye intaneti anaichukua. Lakini sisi tulitaka ile mistari miwili ya chini iseme Kiswahili: "Weka", "Toka", "Tafuta". Juu ya ile ilipashwa kuikompila sisi wenyewe.

Mara ya kwanza ilikataa. Binti alikompila, akakopi programu mu ruta kwa mukono, ruta ikakataa kuitembeza. Tulisoma faili /etc/openwrt_release mu ruta, imeandikwa mips_24kc. Yeye alikuwa amekompila kwa mipsel_24kc. Herufi mbili tu, "el"! Lakini hizo prosesa mbili ni sawa ndugu wawili wenye mumoja anaandika namba kuanzia kichwa, mwengine kuanzia mukia. Kipimo kibaya, piyesi haiingie.

Mara ya pili alichukua SDK ya OpenWrt, ni sanduku la vyombo lenye linatolewa tayari kwa kila aina ya ruta na kila toleo. Akachagua lenye kufanana na ruta yetu kabisa. Maneno ya Kiswahili akayaandika mu faili global.c ya nano, akaweka yale mabadiliko mu dosie inayoitwa patches, ili yaingie yenyewe kila mara. Kisha amri tatu:

./scripts/feeds update -a
./scripts/feeds install nano
make package/nano/compile

Mara ya kwanza inachukua wakati mrefu. Tulikunywa chai, umeme ukakatika, tukaanza tena. Mwisho ikatoka faili moja ya .ipk. Ile ni paketi: ndani muko programu, na karatasi yake ya utambulisho: jina, toleo, aina ya prosesa, na vitu vyenye inahitaji. Kuiweka mu ruta ni amri moja, opkg install. Kuitoa ni moja pia, na inaondoa faili za ile paketi.

Niliuliza: juu ya nini paketi, na tungeweza kukopi kwa mukono? Jibu nililipata Likasi. Nilibeba nano mu USB kwa wenzetu wa kule, ruta yao ni aina moja na yetu. Opkg ikakataa, ikataja jina la kitu chenye kinakosekana: libncurses, maktaba yenye nano inatumia ili kuchora ekrani. Kama ingekuwa kukopi kwa mukono, hakuna kitu kingetuonya mbele: programu ingekataa tu wakati wa kuifungua. Paketi ni sawa kaye ya kupokezana posti: mwenye anatoka anaandika nini iko sawa, nini inakosekana, na mwenye anaingia hafanyi kazi kwa kubahatisha. Safari ya pili nilibeba paketi tatu: nano, libncurses na terminfo. Dakika tano, ikaisha.

Leo mu USB ya biro muko zile paketi, kodi sursi, dosie ya patches na ukurasa mumoja wa Kiswahili wenye kueleza hatua zote. Fundi wa dola 20 hatumufukuze, antena ikivunjika tutamwita. Lakini tangazo hatumulipi tena.

Na saa za bisi zilirudishwa mu mukutano mupya. Tangazo lake sikuliandika mimi. Liliandikwa na delege wa posti ya usiku, saa 6 na nusu asubuhi, akitoka mugodini na kofia ingali ku kichwa. Alisoma saa mara mbili kwa sauti, akafinya "Weka", akafinya "Toka", akaenda kulala.