Walimu Waliovuka Bahari Kwenda Nikaragua

Wewe uliyepitia kisomo unajua taabu ya kukosa mwalimu. Kijiji kina watu, hata jengo lipo, lakini wa kufundisha hakuna. Basi sikia nchi moja ilivyopata walimu kutoka ng'ambo.

Nikaragua ni nchi ya wakulima huko Amerika ya Kati. Watu wake wengi husema Kihispania. Mwezi Julai 1979 wananchi waliuangusha utawala wa ukoo wa Somoza, uliokaa zaidi ya miaka 40. Serikali mpya ikakuta karibu nusu ya watu hawajui kusoma. Huko milimani ndiyo kabisa, kwani vijiji vingi havikuwa na shule.

Serikali ikaomba msaada. Kuba ikapeleka walimu zaidi ya 1,000. Kwa nini Kuba? Kwanza, wanasema Kihispania vile vile. Pili, kazi hiyo walikuwa wamekwisha kuifanya kwao. Mwaka 1961 vijana wapatao 100,000 wa Kuba walikwenda mashambani, kila mmoja na taa yake, kitanda cha kuning'iniza kama bembea, na vitabu. Mwaka ulipokwisha, watu zaidi ya 700,000 walikuwa wamejifunza kusoma na kuandika.

Miongoni mwa walimu waliokwenda Nikaragua walikuwapo wanawake wengi. Baadhi yao waliacha watoto wadogo kwa bibi zao. Hebu fikiri, mama unapanda ndege kwenda kufundisha watoto wa wenzio, na wako umemwacha analia! Si jambo dogo hilo.

Walikaa katika nyumba za wakulima, wakila walichokula wenyeji. Mkuba amezoea wali na maharage. Mnikaragua maharage anayo, lakini chakula chake cha kila siku ni mkate mwembamba wa mahindi, uliookwa juu ya kikaango kama chapati. Hata lugha ilikuwa na vijambo vyake. Mkuba akimwita rafiki yake "wewe" husema "tú", Mnikaragua husema "vos". Watoto walicheka, wakazoea.

Mwezi Machi 1980 Nikaragua yenyewe ilianza kampeni ya kufuta ujinga. Vijana wa mijini wakaenda vijijini kwa miezi mitano. Maneno ya kwanza katika kitabu chao yalikuwa "la revolución", maana yake mapinduzi. Yalichaguliwa kwa sababu ndani yake mna a, e, i, o, u, zote tano. Ndizo hizo hizo ulizoanza nazo wewe!

Kampeni ilipokwisha mwezi Agosti, serikali ilitangaza kwamba wasiojua kusoma wamebaki kama 13 katika kila 100. Wako wataalamu walioitilia shaka hesabu hiyo. Mtu aliyesoma miezi mitano tu, asipopata kitu cha kusoma, husahau upesi. Ndiyo maana walimu waliobaki walihitajika hata zaidi baada ya kampeni.

Pwani ya mashariki mambo yalikuwa magumu. Huko wako Wamiskito na wengine wasiosema Kihispania nyumbani, na hawakupenda kufundishwa kwa lugha ya wageni. Nani angependa? Kuanzia Oktoba 1980 masomo yakatolewa pia kwa Kimiskito, Kisumo na Kiingereza.

Hatari nayo ilikuwapo. Wapinzani wa serikali mpya walishika silaha. Wao waliwaona walimu wa Kuba kuwa ni watu wa siasa, na wazazi wengine pia waliogopa watoto wao watafundishwa siasa ya Kuba. Hofu hiyo haikuwa bure, maana siasa na kisomo vilikwenda pamoja kweli. Lakini mwalimu kijijini hana bunduki. Mwezi Oktoba 1981 walimu wawili wa Kuba waliuawa huko. Kuba haikuwarudisha wenzao nyumbani. Ilipeleka wengine.