Kodi ya jengo kwenye LUKU: mita haijui nani mwenye nyumba

Wadau, kila mwezi ukianza mtaani kwetu kelele ni zile zile: "Umeme wa elfu tano, mbona yuniti kiduchu?" Wengi wanaitupia lawama TANESCO. Lakini sehemu ya hela hiyo ni kodi ya jengo, na kuna watu wanakatwa wasiyostahili kulipa.

Kwanza historia kidogo. Zamani kodi hii ilikusanywa na halmashauri. Kwa sheria ya 1983, nyumba ilitakiwa ithaminiwe ndipo ipangiwe kodi, ila nyumba kibao hazikuwahi kumwona mthamini. Mwaka 2016 kazi ikahamia TRA. Mwaka 2018 kikaja kiwango kimoja, 10,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida. Agosti 2021 ikaingizwa kwenye LUKU: 1,000 kwa mwezi nyumba ya kawaida, 5,000 za ghorofa. Mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500 na 7,500.

Uzuri wake hakuna foleni wala kumbembeleza mthamini. Ubaya wake ni kwamba mita haijui nani mwenye nyumba.

Mfano ni hapa ninapopanga. Paa moja, mita tatu, na zote zilikuwa zinakatwa. Buku jero mara tatu ni 4,500 kwa mwezi, yaani 54,000 kwa mwaka, wakati nyumba inadaiwa 18,000 tu. Na tuliokuwa tunakatwa ni sisi wapangaji, ilhali kodi ni ya mwenye jengo!

Nikaenda ofisi ya kodi. Jibu: "Mlete mwenye nyumba." Baba mwenye nyumba yuko mkoani. Nikaenda kwa watu wa umeme, nao wakasema hiyo ni kodi, siyo umeme, rudi ulikotoka. Siku mbili na nauli zimekwenda.

Kilichosaidia ni barua ya baba mwenye nyumba mwenyewe, ikitaja namba za mita zote tatu na kueleza kuwa nyumba ni moja. Ikaachwa mita moja.

Kwa hiyo fanyeni hivi:

- Someni meseji ya LUKU yote. VAT 18%, REA 3% na EWURA 1% ni makato ya umeme. Kodi ya jengo ni kitu kingine.
- Tunzeni meseji hizo, mzipigie hesabu pamoja na mwenye nyumba, akate kwenye pango.
- Usiponunua umeme miezi miwili, deni linakusubiri. Usishtuke.
- Kama nyumbani kuna mzee wa miaka 60 na zaidi, sheria inamsamehe kwa nyumba yake anayoishi. Ila mita haijui umri wake, lazima aombe.

Buku jero siyo hela nyingi, najua. Lakini kwa mama anayenunua umeme wa elfu mbili mbili, siku hiyo anabaki na giza.

Haya wadau, kwenu vipi? Mwenye nyumba anarudisha au anauchuna tu?