Shimo Jeusi Halina Ugomvi na Wewe, Usilisogelee Tu

Kila baada ya miezi kadhaa ile klipu inarudi kwenye magrupu. Sauti nzito, muziki wa kutisha, duara jeusi linazunguka, halafu jamaa anatangaza kwamba shimo jeusi linakuja kuimeza Dunia. Pale njia panda ya Mnazi Mmoja, Mingoyo, ambapo wa Masasi na wa Mtwara wanaagana, klipu ikitua tu kijiwe cha boda kinasimama. Abiria anaita, hakuna anayesikia. Mmoja anasema tumekwisha, mwingine anauliza kama mkopo wa pikipiki nao utafutwa, muuza korosho anaendelea kupanga pakiti zake, hana habari. Mimi niko upande wa muuza korosho.

Sikia, mwanangu. Shimo jeusi ni kitu cha kweli, sio chai. Nyota nzito ikiishiwa nishati, kiini chake kinabomokea ndani kwa uzito wake wenyewe, kinabanwa, kinabanwa, mpaka hata mwanga ukiingia hautoki. Hapo ndipo watu wanapata presha bure. Uzito wa shimo ni uzito wa kawaida tu, na mvuto wake ukiwa mbali unafuata sheria zile zile zinazoushika mwezi usitoroke. Leo hii ukiling'oa Jua ukaweka shimo jeusi lenye uzito uleule, shimo lenyewe lingekuwa na nusu kipenyo cha km 3 hivi. Na Dunia? Ingeendelea kulizunguka kwa siku 365, kama kawa. Baridi na giza vingetumaliza, hilo sibishi, lakini kumezwa hamna. Tena Jua letu halina uzito wa kugeuka shimo, kwa hiyo hata hiyo ifute.

Swali la maana ni hili: kama mwanga hautoki, tumejuaje kwamba lipo?

Kila maskani ina yule mshikaji aliyezama kwenye penzi na mtu msiyemjua. Huyo mtu hamjawahi kumwona hata kwa picha. Ila jamaa Ijumaa hayupo, Jumamosi hayupo, hesabu ya bosi haitimii, mwili unapungua, simu kailaza kifudifudi. Hamhitaji kumwona mhusika. Mwendo wa jamaa unawaambia kwamba yupo, anakaa upande gani, na ana nguvu kiasi gani. Wanaastronomia wanafanya umbea huohuo na nyota. Wanakuta nyota inayumba, inazungushwa na kitu kisichoonekana, inapungua gesi, kisha wanakaa chini na kalamu wanapiga hesabu ya huyo asiyeonekana.

Na kwenye umbea huu Waswahili tumeingia kwa mlango wa mbele. Watu wengi hawaijui hii.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 tangu ipate uhuru, roketi ya aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, dude la chuma lililosimama ndani ya bahari karibu na Malindi. Jukwaa la Waitaliano, mzigo wa NASA, maji ni haya haya ya kwetu, Bahari ya Hindi. Kiongozi wa mradi alikuwa injinia mwanamama, Marjorie Townsend, na yeye ndiye aliyeibatiza satelaiti ile Uhuru, kwa heshima ya siku na ya wenyeji. Ilikuwa satelaiti ya kwanza kabisa kurushwa kwa kazi moja tu: kusaka eksirei angani. Zile eksirei hazifiki chini, hewa inazizuia (na tushukuru), kwa hiyo lazima upande juu kuzifuata. Malindi walipachagua kwa akili. Pako karibu na Ikweta, ambako Dunia inazunguka kwa kasi ya km 1,670 kwa saa hivi, roketi inapata msukumo wa bure. Wasee wa Malindi, salute zenu.

Kwenye orodha ya Uhuru kulikuwa na kitu kinaitwa Cygnus X-1. Kiligunduliwa tangu 1964 kwa roketi ndogo ya Marekani, lakini hakuna aliyekielewa. Uhuru ikakikodolea macho ikakuta kinapepesa: eksirei zinapanda na kushuka ndani ya sehemu ndogo tu ya sekunde. Hapa tulia kidogo, maana ndio utamu wenyewe. Mwanga unakimbia km 300,000 kwa sekunde. Kitu kikubwa hakiwezi kupepesa chote kwa mpigo haraka kuliko muda ambao mwanga unatumia kukikatiza. Jua letu tu, mwanga unahitaji sekunde 4 na ushee kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Kwa hiyo kile kinachopepesa chap vile ni kidogo mno, kidogo kuliko nyota yoyote ya kawaida.

Kidogo kiasi gani, na kizito kiasi gani? Mwaka 1971 Louise Webster na Paul Murdin kule Uingereza, na Tom Bolton kule Kanada, wakaikamata nyota jirani. Inaitwa HDE 226868, bonge la nyota ya buluu. Walikuta inazungushwa na kitu kisichoonekana, mzunguko mmoja kila siku 5.6. Hebu fikiria nyota nzito mara makumi kuliko Jua letu, inapelekwa mputa na mtu asiyeonekana, kila wiki haijaisha keshaizungusha. Vipimo vya 2021 vinasema shimo lile lina uzito wa Jua mara 21 na liko umbali wa miaka nuru 7,200 (mwaka nuru mmoja ni umbali ambao mwanga unakimbia kwa mwaka mzima). Uzito huo, kwa hesabu ya kawaida, unakaa ndani ya nusu kipenyo cha km 63, na kama shimo linajizungusha kwa kasi, hata hazifiki. Ukitoka na boda yako Mnazi Mmoja ukaenda km 63 kuelekea Mtwara, mjini hujafika.

Stephen Hawking mwenyewe, pamoja na ukali wake wote wa hesabu, aliweka mkeka mwaka 1974 kwamba Cygnus X-1 sio shimo jeusi. Alicheza na mwanafizikia mwenzake, Kip Thorne. Alikuwa mjanja: maisha yake yote ameyaandika mashimo, kwa hiyo yakithibitika kutokuwepo, angalau ale dau. Mwaka 1990 mkeka ukachanika, akasaini kwamba ameliwa, na Thorne akalipwa gazeti la watu wazima la mwaka mzima. Riccardo Giacconi, kinara wa kazi ya kisayansi ya Uhuru, alichukua Nobeli ya fizikia 2002. Malindi ilipata nini? Roketi ya mwisho pale iliruka 1988, jukwaa likabaki na kutu. Hili huwa linaniuma, kusema kweli. Satelaiti yenye jina la Kiswahili imebeba ushahidi wa shimo jeusi la kwanza, na vijana wa pwani nzima wanalisikia shimo hilo kwa mara ya kwanza kwenye klipu ya uongo.

Turudi kwa nyota jirani, anafanywa nini hasa? Mtu wa Lindi hapa hahitaji tuisheni, bamvua anaijua. Mwezi unauvuta upande wa Dunia ulio karibu nao kwa nguvu zaidi kuliko upande wa mbali. Ile tofauti ndiyo inayoinua maji, ndiyo inayojaza mikoko ya mto Lukuledi jioni na kuiacha tope asubuhi. Mvuto peke yake haumwagi kitu. Tofauti ya mvuto kati ya upande huu na ule ndiyo yenye kazi. Sasa iweke nyota jirani na shimo lenye uzito wa Jua mara 21, umbali wa kama moja ya tano tu ya ule wa Dunia na Jua. Ile HDE 226868 iko kwenye bamvua isiyopwa. Imevutwa mpaka umbo si duara tena, imechongoka kuelekea kwa mwenzake, na gesi yake inamvuja.

Gesi ikivuja haidumbukii moja kwa moja. Ina mwendo wa pembeni, kwa hiyo inazunguka kwanza, inajipanga kwenye sahani bapa, inasagana yenyewe kwa yenyewe hadi joto linafika mamilioni ya nyuzi. Moto huo ndio unaotema eksirei, na wote unawaka nje ya ule mpaka ambao ukivuka hurudi. Shimo lenyewe halijawahi kuonyesha kitu. Kinachowaka ni mali ya jirani ikiwa njiani.

Ila sio kila jirani anaonewa. Katikati ya galaksi yetu, umbali wa miaka nuru kama 27,000, kuna shimo linaitwa Sagittarius A*, uzito wa Jua mara milioni 4 na kitu. Andrea Ghez na Reinhard Genzel, kila mmoja na timu yake, walizifuatilia nyota za jirani yake tangu miaka ya 1990, wakabeba Nobeli ya 2020 pamoja na Roger Penrose. Moja ya nyota hizo, S2, inalizunguka kila miaka 16. Mei 2018 ilipita karibu kabisa, umbali wa mara 120 hivi ya ule wa Dunia na Jua, kwa kasi ya zaidi ya km 7,000 kwa sekunde. Ikakata kona, ikaondoka zake. Haikumezwa, haikuchanika. Mawimbi ya mwanga wake tu yalirefuka kidogo kwa kupanda kutoka kwenye mvuto mkali, sawasawa na Einstein alivyosema. Tarehe 12 Mei 2022 picha ya shimo hilo ikatoka, pete ya moto yenye giza katikati.

Jirani akizidi kusogea sasa ndio balaa. Mwaka 2019 darubini ziliona mwanga wa nyota iliyochanwa na shimo kubwa, tukio wameliita AT2019qiz, miaka nuru milioni 215 kutoka hapa. Nyota hiyo ilikuwa na uzito kama wa Jua letu, na karibu nusu yake ikatawanyika angani. Bamvua ile ile, imepandishwa hadi nyota ikashindwa kujishika. Yale mafuvu na mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, hapa hapa Lindi, yaliyopelekwa Berlin na Wajerumani, yana umri wa miaka milioni 150 hivi. Mwanga wa nyota ile ulikuwa njiani kabla dinosaria hao hawajatia mguu huku.

Upande wa pili, kuna Gaia BH1, iliyotangazwa 2022. Ndilo shimo jeusi la karibu kuliko yote tunayoyajua, miaka nuru 1,560. Uzito wa Jua kama mara 10, na jirani yake ni nyota inayofanana na Jua letu, inalizunguka kwa siku 186 hivi, umbali kama wetu na Jua. Hakuna gesi inayovuja, hakuna eksirei, hakuna fujo. Nyota inawaka kiroho safi pembeni ya kitu ambacho klipu inasema kinameza kila kilichopo. Limejulikana kwa sababu satelaiti ya Gaia iliiona nyota ikiyumba, basi. Miaka nuru 1,560, mwanangu. Hata likiwa na hasira, nauli ya kuja Mingoyo halina.

Mkitaka kuona mitaa yenyewe, subirini Septemba siku za giza, mwezi ukiwa haupo. Saa 2 usiku simameni mbali na taa za barabarani. Ule ukungu mweupe unaokatiza anga ni galaksi yetu. Upande wa kusini-magharibi, juu sana, kundi la Mshale, karibu na mkia wa Nge: Sagittarius A* iko kule nyuma ya vumbi. Geukeni kaskazini, nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini: kundi la Dajaja, nyumbani kwa Cygnus X-1. HDE 226868 macho matupu hayaioni, lakini darubini ya mkononi inaikamata kwenye giza zuri. Sisi hapa kijiweni hatuna hata moja. Mwenye nayo, awe Lindi, Mchinga au Kilwa, apite Mnazi Mmoja. Boda ya kumrudisha ni bure, na ming'oko tutachemsha.